Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kando, pembeni, ubavuni, sambamba na maneno ya jamii hiyo

Maswali haya huulizwa na walimu, wanafunzi, wahariri na watu wanaoandaa hati na matangazo kwa Kiswahili. Yote yanahusu jambo moja, yaani namna ya kueleza kwamba kitu fulani kimekaa karibu na ubavu, ukingo au mpaka wa kitu kingine. Majibu yanafuata Kiswahili sanifu, lakini pale ambapo mazoea ya Tanzania na ya Kenya yanaachana, au mazungumzo yanapoachana na maandishi, tofauti hiyo imetajwa.

Kwa nini Kiswahili kina maneno mengi kiasi hiki kwa jambo linaloonekana kuwa moja?

Kwa sababu si jambo moja. Maneno haya karibu yote ni majina ya vitu halisi ambayo yamepewa kazi ya kuonyesha mahali: pembe ni ya ng'ombe au ya chumba, ubavu ni wa mwili, ukingo ni wa mto, jirani ni mtu, na mpaka ni mstari unaotenga shamba na shamba. Kila neno limebaki na picha ya kitu lilikotoka, na anayelitumia, hata bila kufikiri, anamwambia msomaji jinsi vitu viwili vilivyokaa: kama vinagusana, kama vinatazamana, kama vinakwenda pamoja kwa urefu, au kama kimoja kiko tu ukingoni mwa kingine.

Ninalisisitiza hili mapema kwa kuwa katika maandishi ya miaka ya karibuni neno moja, *pembeni*, linaelekea kuyameza mengine yote. Nyumba iko pembeni ya barabara, mume yuko pembeni ya mkewe, nchi iko pembeni ya nchi, reli iko pembeni ya reli. Hakuna sentensi hata moja kati ya hizo isiyoeleweka, lakini kila moja imepoteza kitu ambacho lugha ilikuwa tayari kumpa mwandishi bure.

Je, kando na pembeni zina maana moja?

Katika mazungumzo ya leo zinakutana mara nyingi, lakini hazikuanzia mahali pamoja. *Kando* ni ukingo wa kitu kirefu au kipana, na ndiyo maana neno hilo linakaa vizuri zaidi na mto, barabara, ziwa na bahari. *Pembeni* linatokana na *pembe*, ile ya mnyama, ambayo kwa mfanano wa umbo ikawa pia jina la mahali kuta mbili zinapokutana. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyotupa *pembetatu* katika hisabati.

Tofauti hiyo ya asili bado inafanya kazi. Mtu akisema kwamba ameweka kabati pembeni mwa chumba, tunaelewa kwamba kabati limo ndani ya chumba, limesogezwa kwenye kona au ukutani. Akisema kwamba kuna ghala kando ya chumba, ghala hilo liko nje ya chumba, limepakana nacho. Mwandishi anayeandika "pembeni ya chumba" kwa maana zote mbili anamwacha msomaji abahatishe.

Nje ya vyumba, hasa nchini Tanzania, *pembeni* limepanuka sana. Utingo wa daladala humwambia dereva aweke gari pembeni, wala hamaanishi kona. Katika mpira wa miguu tuna beki wa pembeni na kiungo wa pembeni, na shuti hupita pembeni mwa lango. Mtu anayetaka kusema na mwenzake faragha humwita pembeni. Matumizi hayo yameota mizizi na sioni sababu ya kuyapiga vita. Hata hivyo kwa maana ya kujitenga au kuahirisha jambo, *kando* ndilo linalobeba uzito: watu huweka kando tofauti zao, na kiongozi hujiweka kando ili uchunguzi ufanyike.

Nini sahihi: "pembeni ya", "pembeni mwa" au "pembeni pa"?

Hili ndilo swali linaloletwa mara nyingi kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kanuni ya Kiswahili ni kwamba nomino ikishachukua kiambishi *-ni* cha mahali, huacha upatanisho wa ngeli yake na kuchukua upatanisho wa mahali, yaani *pa*, *ku* au *mu*. Hatusemi "nyumbani yangu" bali *nyumbani kwangu*, ingawa *nyumba* yenyewe ni *yangu*. Methali inayojulikana na kila mtu inashika kanuni hiyo hiyo: kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ni *yako* au *zako*, lakini nguoni ni *mwako*. Kwa msingi huo *pembeni* linapaswa kwenda na *mwa* au *pa*, na vivyo hivyo *ubavuni*, *ukingoni* na *pembezoni*.

Kati ya *pa* na *mwa*, maandishi mengi yamezoea *mwa* pale panapohusika kitu chenye urefu au eneo, kama vile pembeni mwa barabara, ukingoni mwa mto na pembezoni mwa mji. *Pa* hufaa zaidi mahali dhahiri panapoweza kuonyeshwa kwa kidole: alisimama ubavuni pa mlango.

Sasa "pembeni ya" inatoka wapi? Inatoka katika mvuto wa kundi kubwa la maneno ya mahali yanayofuatwa na *ya*: mbele ya, nyuma ya, juu ya, kando ya, nje ya, katikati ya. Mzungumzaji anapofikia *pembeni*, ulimi wake umeshazoea *ya* na hauoni sababu ya kuliacha. Tena, mtetezi wa "pembeni ya" ana hoja nzuri ambayo wasahihishaji huisahau, nayo ni kwamba maneno mengine yameshapita njia hiyo hiyo. *Chini* limezaliwa na *nchi* likiwa na kile kile kiambishi cha *-ni*, na leo hakuna anayemsahihisha mtu kwa kusema "chini ya meza". Neno likitumika muda mrefu kwa kuonyesha mahali tu, wasemaji huacha kuliona kama nomino yenye kiambishi, nalo hujiunga na wenzake wa *ya*.

Ushauri wangu ni huu. Katika mazungumzo, ujumbe wa simu na mahojiano, "pembeni ya" haina kosa la kumsumbua mtu. Katika hati, kitabu, mtihani na maandishi yoyote rasmi, andika *pembeni mwa* au *pembeni pa*, kwa sababu kanuni ya mahali ni mojawapo ya mambo mazuri ya sarufi yetu na bado ina uhai. Na kama unahariri mazungumzo ya mhusika wa hadithi kutoka mtaa wa Dar es Salaam, mwachie "pembeni yangu" yake.

Je, ni "kando yangu", "kando na mimi" au "kando nami"?

Ukikusudia mahali, andika *kando yangu*, *kando yake*, *kando yetu*. *Karibu* ndilo linalochukua *na*, kwa hiyo tunasema karibu nami, karibu naye, karibu na kisima. *Karibu yangu* nayo husikika na kuandikwa, wala si ngeni.

Basi "kando na" maana yake nini?

Maana yake ni "mbali na" au "zaidi ya". Ni matumizi ya Kenya hasa, ambako magazeti na vitabu vya kiada vina sentensi kama "Kando na kilimo, wakazi hufuga nyuki". Mtanzania angeandika "Mbali na kilimo" au "Ukiacha kilimo". Matumizi hayo ya Kenya ni sahihi na yana faida yake, kwa kuwa yanatenganisha wazi kando ya mahali na kando ya hoja. Tatizo hutokea pale tu mwandishi anapochanganya viunganishi viwili, akaandika "nyumba iliyo kando na mto" au "kando ya kilimo, wakazi hufuga nyuki".

Kwa nini watu husema kandokando wakati kando lingetosha?

Kwa sababu halitoshi. Kurudia neno kunalipa urefu na mwendelezo. Kibanda kimoja kiko kando ya barabara, bali vibanda vinavyofuatana kwa kilomita mbili viko kandokando ya barabara. Mti mmoja uko kando ya mto, na mikoko imeota kandokando ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Huandikwa kama neno moja.

Ubavuni litumike lini?

Litumike pale unapotaka ukaribu wa mwili. Ubavu ni sehemu ya kiwiliwili kati ya kwapa na kiuno, na wingi wake ni mbavu. Mtoto hulala ubavuni pa mama yake, mlinzi husimama ubavuni mwa mgeni rasmi, na mgonjwa hulazwa kwa ubavu. Neno hili lina joto ambalo *pembeni* halina. Sentensi mbili, "alikaa pembeni yake usiku kucha" na "alikaa ubavuni pake usiku kucha", zinaeleza tukio moja, lakini katika ya pili tunaona kwamba mkesha huo ulikuwa wa mtu anayependa.

Kwa vitu visivyo na uhai, ubavu hufaa chochote tunachoweza kukifikiria kuwa na mgongo na tumbo, kama vile kilima, gari, nyumba au chombo cha bahari. Njia hupanda ubavuni mwa mlima. Lakini mto hauna ubavu, una kando, kingo na ng'ambo.

Neno hilo lina pia maana ya nguvu, kama katika kusema kwamba mtu hana ubavu wa kushindana na mwingine, na katika nyumba za Wakristo mwenzi wa ndoa huitwa ubavu kwa kukumbuka habari ya Adamu na Hawa katika kitabu cha Mwanzo. Muktadha hutenga maana hizo bila shida.

Nimesikia kwamba neno mwambao lina uhusiano na jambo hili. Ni kweli?

Ni kweli, na kwangu hili ndilo tawi zuri kuliko yote ya mada hii. Kiswahili kina kitenzi *-ambaa*, ambacho maana yake ni kupita karibu na kitu kwa urefu wake bila kukigusa. Jahazi linaloambaa na pwani haliendi pwani wala haliendi bahari kuu, bali linafuata mstari wa nchi kavu kwa umbali wa kuiona. Kutokana na kitenzi hicho tumepata *mwambao*, kama vile *mwendo* lilivyotokana na *enda* na *mwanzo* likatokana na *anza*. Kwa hiyo mwambao, kwa asili yake, ni ile sehemu ya nchi ambayo chombo huambaa nayo, na jina hilo limetolewa na mtu aliyekuwa majini akiitazama nchi, si na mtu aliyekuwa nchi kavu akiitazama bahari. Baadhi ya watu hulihusisha na *mwamba* kwa sababu ya sauti, lakini umbo la neno linaonyesha njia nyingine.

Neno hilo lilipata pia uzito wa kisiasa. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni nchini Kenya, *Mwambao* lilikuwa jina la harakati za waliotaka ukanda wa maili 10 wa pwani, uliokuwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar na kukodishwa kwa Waingereza mwaka 1895, uwe na mamlaka yake badala ya kuunganishwa na bara.

Kitenzi chenyewe *-ambaa* kimeanza kufifia katika maandishi, jambo ambalo ni hasara. Hakuna kingine kinachoeleza kwa neno moja kile anachofanya mtu anayetembea usiku akiufuata ukuta wa nyumba kwa karibu: anaambaa na ukuta. Ukiandika "anatembea pembeni ya ukuta" umemweka mahali, lakini hukuonyesha mwendo wake wala tahadhari yake.

Jina la lugha yetu nalo limo humu humu. *Swahili* linatokana na neno la Kiarabu *sawahil*, wingi wa *sahil*, lenye maana ya pwani au ukingo wa bahari. Kwa asili ya jina, Kiswahili ni lugha ya watu wa kandokando ya bahari, hata leo ambapo wengi wa wanaokizungumza wanaishi mbali sana na maji ya chumvi.

Mabaharia na wavuvi hutumia maneno gani mengine?

Hutumia mengi, na hapa nitataja yale yanayogusa mada. Chombo kinachotumia tanga kina upande wa *goshini*, ambako upepo unatoka, na upande wa *demani*, ambako upepo unaelekea. Kwa nahodha, kulia na kushoto hakumfai sana, kwa kuwa anachohitaji kujua ni kitu kiko upande gani wa upepo. Ngalawa huwa na *matengo*, yaani ule mfumo wa miti na mbao zinazoelea ubavuni mwake kushoto na kulia ili isipinduke, na mbao zilizopinda zinazoshikilia mwili wa jahazi, ambazo mtu wa bara angeziita mbavu, fundi wa vyombo huziita *mataruma*.

Kuleta chombo hadi kikaegemea gati au chombo kingine ni *kuegesha*. Neno hilo limepanda nchi kavu, na leo maegesho ni ya magari. Ndugu zake ni *-egama* na *-egemea*, na ndani ya yote kuna wazo la kitu kilichosogezwa hadi kikakaribia kugusa kingine na kukitegemea.

Sambamba na sanjari zinatofautianaje?

*Sambamba* ni kwa vitu vinavyokwenda kwa urefu upande mmoja na mwingine bila kukutana. Hisabati imeliweka wazi: mistari sambamba haikutani hata ikirefushwa, na umbo lenye jozi mbili za pande sambamba huitwa msambamba. Nje ya hisabati, mfano mzuri ni reli mbili za Kenya kati ya Mombasa na Nairobi. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, zinakwenda takribani sambamba, na njiani zote zinapita Tsavo. Kusema kwamba reli mpya iko pembeni ya ile ya zamani kungemfanya msomaji afikirie kwamba ukisimama kwenye moja utaigusa nyingine, na sivyo ilivyo. Usambamba ni wa mwelekeo, wala haudai ukaribu.

*Sanjari* lina harufu ya bahari, kwa kuwa lilitumika kwa vyombo vinavyosafiri pamoja katika msafara mmoja. Wazo lake ni kuandamana. Ndiyo maana linafaa matukio yanayofanyika pamoja: maonyesho ya vitabu yalifanyika sanjari na mkutano wa walimu. Wahutubiaji siku hizi hupenda kusema "sambamba na hayo" kwa maana ya "pamoja na hayo", na kamusi haziwakatazi, lakini nikipewa hotuba nihariri, hapo huwa naweka *sanjari* au *pamoja*, nikiacha *sambamba* kwa ajili ya mistari, barabara, mito na sera mbili zinazotekelezwa kwa wakati mmoja bila kuingiliana.

Na bega kwa bega?

Asili yake ni safu ya watu waliosimama mabega yao yakigusana. Atakaye kuliona neno hili likiwa na maana yake halisi aende msikitini, ambako waumini wa safu moja husimama bega kwa bega, na ambako maamuma mmoja anayesali na imamu husimama kuliani kwake, si nyuma yake. Kwa maana ya mshikamano neno hili limetumika sana katika hotuba hadi limepungua nguvu, kwa hiyo ni vizuri kulihifadhi kwa watu wanaofanya kazi moja, kwa cheo kimoja, kwa wakati mmoja. Serikali na wafadhili "wanaofanya kazi bega kwa bega" kwa barua pepe hawajalistahili neno hilo.

Je, mkabala ni sawa na kando?

La, na kosa hili huwapoteza watu njia kwa maana halisi kabisa. *Mkabala na* maana yake ni kuelekeana, yaani uso wa kitu hiki unatazama uso wa kitu kile, mara nyingi kukiwa na barabara au uwazi katikati. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na umetupa pia *kukabili* na *kibla*, upande anaoelekea mwenye kusali.

Mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar unaondoa utata wote. Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ni majirani, moja iko kando ya nyingine, na zote mbili zinaitazama bahari. Bustani ya Forodhani iko mkabala nazo, ng'ambo ya barabara. Mgeni akiambiwa kwamba Ngome Kongwe iko mkabala na Beit al-Ajaib, ataipa Beit al-Ajaib mgongo na kuanza kuitafuta ngome bustanini. Kwa wanaoandika anwani na matangazo ya maduka, ninaomba neno hili lipewe heshima yake, kwa sababu yupo mtu atakayeshuka garini akiwa ameshika karatasi yako.

*Ng'ambo* lenyewe ni upande wa pili wa maji au wa kizuizi kingine. Mji wa Zanzibar una sehemu kubwa inayoitwa kwa jina hilo kwa sababu iliangalia Mji Mkongwe kutoka upande wa pili wa hori.

Katika hati za ardhi na matangazo ya serikali, nitumie neno gani?

Katika hati, "kando ya" peke yake ni hatari. Nimeona karatasi ya mauziano ya shamba, iliyoandikwa kwa nia njema mbele ya mashahidi, ikieleza shamba "lililo kando ya mwembe mkubwa". Miaka ilipita, muuzaji na mnunuzi wote wakafariki, na watoto wao wakagombana juu ya mwembe ule: kama umo shambani au uko nje, na embe ni za nani. Neno *kando* halikuwa na jibu, kwa sababu kazi yake ni kutaja ujirani, si mpaka.

Neno la mpaka ni *kupakana*. Vitu viwili vinapakana pale mstari unaotenga ni mmoja, ukimaliza hiki unaanza kile. Tanzania inapakana na nchi nane, nazo ni Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji, na hakuna anayesema kwamba iko pembeni mwa nchi hizo. Hati nzuri ya shamba hufanya vivyo hivyo kwa kuzunguka pande zote nne: mashariki linapakana na shamba la fulani, magharibi na njia ya kijiji, kaskazini na mto, kusini na mtaro. *Jirani na* ni legevu kidogo kuliko *kupakana na*, kwa kuwa nyumba zinaweza kuwa jirani huku kukiwa na uchochoro katikati.

Na pale ambapo sheria inahusika, hata *kupakana* hakutoshi, panahitajika kipimo. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari kuwa eneo la kulindwa. Tangazo linalowaambia wanakijiji wasilime "kando ya mto" linamwachia kila mmoja kupima kando yake kwa jicho lake. Tangazo linalosema "ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto" limewatendea haki. Zingatia pia kwamba *ukingo* ndilo neno sahihi hapo, kwa maana ukingo ni mahali maji yanapokomea na ardhi inapoanza, nako ndiko kipimo kinakoanzia.

Pembezoni na pambizoni ni neno moja?

Hapana. *Pambizo* ni ile nafasi tupu ya ukurasa nje ya maandishi, na mwalimu huandika maoni yake pambizoni. *Pembezoni* ni kwenye mipaka ya mji au ya nchi, na siku hizi hutumika zaidi kwa maeneo na jamii zilizo mbali na huduma, hata kama kijiografia haziko ukingoni.

Je, naweza kusema "upande kwa upande" kwa maana ya vitu viwili vilivyokaa pamoja?

Siyapendekezi. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kitu kinachoyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sema *sambamba*, *bega kwa bega* au *wamekaa pamoja*, kadiri ya maana. *Upandeupande* nalo ni neno jingine kabisa, maana yake ni kwenda mshazari au kombo.

Katika maelezo ya picha, niandike "kulia kwake" au "wa kwanza kulia"?

Yote mawili ni sahihi, lakini hayaonyeshi mtu yule yule. *Kulia* ni kutokana na *kula*: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, ambao wazee huuita pia mkono wa kuume. Kwa hiyo kulia ni kwa mwili wa mtu, na "kulia kwake" lazima iwe kulia kwa aliye pichani, ambako kwa anayeitazama picha ni kushoto ikiwa mtu huyo ametukabili. "Wa kwanza kulia" na "wa pili kutoka kushoto", kwa mazoea ya magazeti, huhesabiwa kwa macho ya msomaji. Mhariri achague njia moja na asiichanganye na nyingine katika ukurasa mmoja, na pale ambapo watu ni wawili tu, aandike nani amevaa nini.